Daftari la Dobi

Kitinda alimsikia Mwalimu kabla ya kumwona. Kiatu chake cha kulia kilikuwa na mlio, cha kushoto kimya, na kwa miezi minane sasa mlio ule ulikuwa ukimkosesha hesabu ya mashati. Siku zote ulikuja polepole, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi kwa mguu. Leo ulikuja mbio.

"Mume wetu huyo," alisema Bi Pasi bila kuinua macho kwenye meza yake. "Kama shule haiungui moto, basi anayeungua ni yeye."

"Bi Pasi, jamani!"

"Jamani nini? Nifumbe macho? Haya, nimefumba." Akafumba kweli, na pasi yake ya mkaa ikaendelea kutembea juu ya shuka bila kupotea njia. Alikuwa amenyoosha nguo za shule ile kwa miaka arobaini na tatu. Yeye ndiye aliyempokea Kitinda akiwa binti wa miaka kumi na sita, akamfundisha kiasi cha buluu kinachotosha nguo nyeupe na kiasi kinachoziharibu, na jinsi ya kulia bila kusimamisha kazi.

Mwalimu alisimama mlangoni, anahema, kifurushi cha karatasi kifuani kama mtoto mchanga. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Nasikia kitabu cha habari za shule kimekwisha."

"Kimekwisha. Gari la mchapaji linakifuata leo saa sita."

"Na sisi tumo humo?"

"Kila aliyepita shule hii yumo, bibi."

"Basi vizuri." Bi Pasi alichukua kapu la shuka mbichi, akaliweka kiunoni. "Naenda kuanika. Nina kamba ndefu leo, sitarudi upesi. Na nikirudi nitakohoa."

Alipotoka, Kitinda aliangalia vidole vyake vilivyojikunja kwa maji. Hakuwa msichana wa maneno. Jina lenyewe la Kitinda alipewa nyumbani kwa kuwa ndiye wa mwisho kuzaliwa, na mtu wa mwisho katika watoto saba hujifunza kusubiri wenzake wamalize kusema. Tatizo ni kwamba wenzake hawakumaliza. Shule nayo aliiachia darasa la tano, mama yake alipolala kitandani na pakatakiwa mkono wa kumgeuza. Kusoma alijua, lakini kwa kufuata mstari kwa kidole na midomo ikicheza, na mbele ya Mwalimu hakuwahi kufanya hivyo hata mara moja.

"Keti," Mwalimu alimwambia.

"Nikalie wapi, ndani ya beseni?"

"Popote. Nataka uwe umeketi nikikusomea."

Akageuza ndoo, akaketi.

Chumba kile cha kufulia kilikuwa kikongwe kuliko darasa lolote pale. Wageni walioanzisha shule, miaka sabini na mitano nyuma, walikijenga kwanza, na mawe ya mabirika yake ya kufulia kumi na mawili waliyabeba wanafunzi wenyewe kichwani kutoka mtoni. Hayo Mwalimu aliyaandika katika sura ya kwanza. Katika ya pili aliandika jinsi watoto walivyovuliwa majina ya kwao getini na kupewa mengine; katika ya tatu, kengele; katika ya nne, viranja na fimbo. Lakini sura iliyomtoa jasho, na iliyomleta kwa Kitinda mara ya kwanza, ilikuwa ya tano. Hiyo ilihusu mgomo.

Katika mwaka wa pili wa shule, wavulana walikataa maharage yenye wadudu. Siku tatu waliweka vijiko chini. Mkuu wa shule, mgeni mrefu mwenye sauti ndogo, hakupiga mtu wala hakufoka. Alingoja tu. Asubuhi ya nne alisimama mbele ya mstari na karatasi yenye majina kumi na moja ya waliouanzisha, yamepangwa vizuri hakuna la kuongeza wala la kupunguza. Wakachapwa mbele ya wenzao hadi mashati yakashikana na ngozi, kisha wakafukuzwa, na barua zikatumwa ili shule yoyote isiwapokee. Wa tatu katika orodha alikuwa babu yake Mwalimu, baba wa mama yake, kijana aliyekuwa akisema atakuwa daktari. Akafa mvunja kokoto.

Nani aliwachongea? Asubuhi ile katika mstari palikuwa na pengo moja, na pengo hilo lilikuwa la babu yake Kitinda. Haikuhitajika hukumu nyingine. Tangu siku hiyo ikawa ni nyumba ya mchongezi. Shangazi yake Kitinda alivunjiwa uchumba mara mbili. Baba yake akienda kwenye kikao, kiti cha kulia kwake na cha kushoto hubaki vitupu. Na baba yake alikuwa na utetezi mmoja tu, aliousema mpaka ukaisha makali: "Baba yangu hakuwepo! Alikwenda kumzika mama yake. Mtu yuko msibani, atachongeaje?"

Mwalimu alipomtajia mama yake binti anayempenda, mama alisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Mgongo wa baba yangu niliuosha mimi tangu nikiwa na miaka sita. Yale makovu nayajua moja moja, mahali yanapoanzia na yanapokatikia. Damu ile haitaingia humu ndani nikiwa hai. Kama si wao, niletee iliyoandikwa. Wewe si msomi?"

Ndipo Mwalimu alipozama kwenye makabati ya shule. Na wiki iliyopita aliibuka, akaenda kwa mama yake kwanza, na mama akalia, akatuma neno ambalo Kitinda alilala nalo chini ya mto: *Mlete.* Jumapili wazee walikuwa wakutane. Baba yake Kitinda alikuwa tayari ameshona shati jipya, na tangu lishonwe alikuwa anatembea wima kama mtu aliyetolewa mwiba.

"Sikukwambia yote," alisema Mwalimu, akichuchumaa mbele yake. "Nilitaka usikie kama kitakavyosomwa. Hiki ni kitabu cha siku cha mkuu yule. Nilikikuta kimeanguka nyuma ya kabati. Sikiliza. 'Jana baada ya sala ya jioni alinijia namba sitini na mbili, akiomba ruhusa ya siku tano. Nilimwambia kila ruhusa ina nauli yake. Akanipa majina kumi na moja. Alilia sana. Nimemruhusu aondoke alfajiri.'"

Kitinda akainua macho. "Ruhusa?"

"Najua! Na mimi nilipofika hapo moyo ulinipasuka. Nilisema, amekwisha, ni babu yake. Sikula siku mbili. Halafu nikapata daftari la uandikishaji." Alicheka, na alipocheka alikuwa mzuri hata Kitinda akaangalia pembeni. "Namba sitini na mbili si babu yako, Kitinda. Ni mwingine kabisa. Jina lake limeandikwa kwa wino mweusi, na namba mbele yake. Kumbe kulikuwa na wawili walioomba ruhusa, ila watu walikumbuka pengo moja tu. Nimemwandika. Watu watamjua mchongezi, na babu yako atapumzika."

"Ni nani?"

Akamsomea jina.

Kitinda alitaka kufurahi. Furaha ilikuwa imeshafika kooni, imevaa, iko tayari kutoka. Lakini jina lile alilijua. Kila mwaka, mvua zikikatika, alikwenda na Bi Pasi nyuma ya kanisa dogo la shule kung'oa majani juu ya kijikaburi kimoja kisicho na jiwe, na Bi Pasi alipong'oa alimsemesha aliyelala mle kwa jina, akimpa habari za mwaka.

"Huyo si mchongezi," alisema.

"Unasemaje?"

"Huyo alikuwa amekwisha kufa. Mgomo ulimkuta kaburini." Sauti ilikuwa ndogo, ila ilitoka. "Ni kaka yake Bi Pasi. Alikufa kwa homa mwaka wake wa kwanza, hata hajazoea viatu."

Mwalimu alitikisa kichwa kwa upole, kama anavyofanya mtoto akikosea darasani. "Wazee huchanganya miaka, Kitinda. Kwenye uandikishaji hakuna palipoandikwa amekufa. Jina lipo, namba ipo."

"Na babu yangu? Yeye namba yake ngapi?"

"Hana. Wengi hawana. Wale mia wa mwanzo wana namba, waliofuata wameachiwa nafasi wazi. Nadhani karani alichoka."

"Hakuchoka." Kitinda alisimama. Hapa ndipo alipojua kitu ambacho Mwalimu, pamoja na vyeti vyake vyote, hakukijua. Mtu ambaye nguo zake hurudi zimekunjwa hajiulizi zilikuwa wapi. "Namba si ya mtoto, Mwalimu. Namba ni ya shati."

"Ya shati?"

"Mpaka leo." Alivuta shati moja kutoka kwenye rundo, akamgeuzia kola; namba ilikuwa imeshonwa ndani kwa uzi mwekundu. "Shule ilishona mashati mia, kutoka moja hadi mia. Mtoto akiondoka, au akifa, anaacha shati. Anayekuja analivaa na anaitwa kwa namba yake. Ofisini wanaandika watoto. Huku tunaandika mashati. Ndiyo maana waliofuata hawana namba kwenye daftari lenu. Namba walipewa hapa."

Rafuni juu ya sabuni palikuwa na madaftari ya dobi, yamefungwa kwa kipande cha turubai, la kwanza hadi la leo. Hayakutupwa kamwe, shati likipotea lilifuatwa humo. Kitinda alilishusha la chini kabisa. Alikuwa na hamaki isiyo ya kawaida yake. Alikuwa anampigania Bi Pasi, na ujasiri ulimpanda hata akasahau kuona haya kwa kidole chake. Alikiweka kwenye ukurasa, akashuka nacho, midomo ikicheza. Hamsini na tisa. Sitini. Sitini na moja.

Sitini na mbili.

"Ndiyo huyu," alisema. "Ona. Jina la kaka yake Bi Pasi. Limepigwa mstari mwekundu. Pembeni wameandika... a-me-fa-ri-ki. Homa. Na mwaka, huu hapa. Mwaka mzima kabla ya mgomo. Nilikwambia! Na chini yake, aliyepewa shati baada yake..."

Kidole kilishuka mstari mmoja. Akasoma silabi ya kwanza, ya pili. Ya tatu hakuisoma.

Mwalimu aliinama, akasoma mwenyewe. Jina lilikuwa limeandikwa kwa mkono mzuri wa dobi mmoja wa zamani, na halikuwa na utata wowote. Lilikuwa ni jina la baba wa baba yake Kitinda.

Nje Bi Pasi alikuwa anaimba huku anapigapiga shuka kuzitoa mikunjo.

Siku tano. Kitinda alizihesabu kichwani, hakuweza kujizuia. Siku ya kwenda kwa miguu, tatu za kukaa msibani, siku ya kurudi. Utetezi ule ambao baba yake aliusema maisha yake yote, kwamba mzee hakuwepo, kwamba alikuwa anamzika mama yake, ulikuwa ni wa kweli kila neno. Alikwenda kumzika. Na hivi ndivyo alivyolipia njia.

Mwalimu alilifunga daftari. Alilifunga taratibu, akalirudishia turubai lake, akalifunga na kamba.

"Hatukuona kitu," alisema.

"Tumeona."

"Limekaa hapa zaidi ya miaka sabini, hakuna aliyelifungua."

"Mimi nimelifungua."

"Kitinda, nisikilize. Niangalie." Alimshika mikono, ile mikono yenye sabuni, na hakuwa amewahi kuishika kabla ya siku hiyo. Kitinda alikuwa ameota jinsi atakavyoishika, na katika ndoto zote haikuwa hivi. "Mama amekubali. Unajua kumefanyika nini hadi mama akubali? Juzi ameniuliza unapenda rangi gani. Mama yangu! Na yule mtoto amekufa, hana mke, hana mwana. Jina lake likiandikwa nani ataumia?"

"Yuko nje anaanika."

Mwalimu aliangalia mlangoni. Halafu akasema, "Basi nauondoa ukurasa wote. Nitaandika mgomo ulivunjika, basi. Sitamtaja mtu."

"Na Jumapili mama yako akisema, iko wapi ile karatasi?"

"Nitamwambia..."

"Utamwambia nini?"

Mwalimu alikuwa mtu asiyejua kumdanganya mama yake, na hilo lilikuwa miongoni mwa mambo yaliyomfanya Kitinda ampende.

"Twende zetu," alisema ghafla. "Mimi na wewe. Shule ziko nyingi, nitafundisha popote. Tukifika huko hakuna anayemjua babu wa mtu."

Kitinda alimtazama. Aliutafuta usoni mwake ule mji wa mbali, chumba chao, sufuria zao mbili, na kwa muda mfupi akauona. Kisha akamwona mama mmoja ameketi peke yake barazani, mwenye mtoto mmoja tu wa kiume, anangoja mlio wa kiatu.

"Utamwacha na nani?"

"Atazoea."

"Hujui hata kulisema," Kitinda alimwambia. "Umelisema ukiangalia chini."

"Basi sema wewe! Sema neno moja tu, nikiache kitabu kilivyo, nami nitakiacha kilivyo. Naapa. Nitakipeleka kwenye gari hivi hivi, na Jumapili tunakuja kwenu, na siri hii tutazeeka nayo."

Angefanya hivyo. Kitinda aliliona hilo wazi, na hapo ndipo alipozidi kuogopa. Angefanya, na wangeoana, na asubuhi moja angemwona mumewe akimwangalia kutoka upande wa pili wa meza, hana hasira, anamwangalia tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipowahi kuiona sura ile.

"Miaka kumi kutoka leo, ukinitazama utamwona nani?"

"Wewe."

"Mwalimu."

Mwalimu aliiachia mikono yake. "Ungenyamaza tu, Kitinda," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyechoka sana. "Nilipokusomea lile jina. Ungesema ndiyo tu. Wewe ambaye siku zote unanyamaza."

Kitinda alijikaza kisabuni. Machozi yalifika na akayarudisha. Mlangoni mtu alikohoa, mara moja, mara mbili, mara ya tatu kwa madaha.

"Nimekohoa jamani, nisije nikasemwa," alisema Bi Pasi. Alikuwa amebeba shuka kavu za jana, rundo refu mpaka kidevuni. "Eh! Mbona mmesimama kama mnapigwa picha? Mmeshagombana? Hata pete haijavaliwa?"

"Hatujagombana, bibi," alisema Mwalimu.

"Gombaneni tu, ni afya. Mimi na marehemu mzee tuligombana siku ya harusi yenyewe, juu ya nani avue viatu kwanza." Akaziweka shuka, akajipangusa shingo. Kisha uso wake ukawa mdogo, wa aibu, kama wa msichana. "Mwalimu, mwanangu. Mimi kusoma sijui. Nilitaka kukuuliza tangu siku ile nikaona haya. Kaka yangu alisoma hapa. Ulisema kila aliyepita yumo." Akamtaja kwa jina. "Hebu niambie. Yumo?"

Mwalimu hakuwa amewahi kumuuliza mama yule jina la ukoo wake, na Kitinda aliposema kaka, yeye alidhani ni kaka wa ukoo tu. Miezi minane alimpa shikamoo, akapokea marahaba, akapita. Kitinda alimwona akigeuka rangi ya majivu.

"Ni... ndugu yako wa damu, bibi?"

"Tumbo moja. Mimi nilikuwa hivi," akaonyesha kimo cha goti. "Homa ilimchukua kwa siku nne. Mama alikuja kwa miguu, akakuta wameshamzika. Walimpa sanduku lake na kitabu cha nyimbo. Shati hawakumpa. Mama aliliomba sana lile shati, lilikuwa na harufu yake. Wakamwambia ni la shule." Alitabasamu. "Nilikuja kuomba kazi hapa nikiwa mtu mzima, si kwa sababu nyingine. Nilisema huenda nitalifua. Ujinga wa mapenzi. Basi, yumo?"

Kitinda alisogea akasimama mbele ya Mwalimu.

"Yumo, Bi Pasi," alisema Kitinda. "Tulikuwa tunamtengenezea mstari wake. Ulikuwa na kosa."

"Mtengenezeni vizuri, wanangu. Alikuwa mtoto msafi." Akachukua kapu tupu, akatoka, na mlangoni akakumbuka kuwafumbia macho tena.

Mwalimu aliketi kwenye ile ndoo. Alifungua kifurushi mpaka sura ya tano, akaweka ukurasa juu ya goti, akatoa penseli mfukoni. Alilikata lile jina kwa mistari miwili, kwa nguvu, karatasi ikataka kuchanika. Penseli ikabaki hewani.

Kitinda alingoja. Alisikia bomba moja likidondosha tone, na jingine.

"Siwezi," alisema Mwalimu. "Mkono wangu haulielekei. Nikiliandika nimekuandika wewe."

"Nipe."

"Kitinda..."

"Nipe penseli."

Kitinda alipiga magoti, akaweka ukurasa kwenye ukingo mkavu wa birika. Hakuwa ameandika kitu kirefu tangu darasa la tano, ila namba za mashati. Aliandika herufi kubwa kubwa, moja moja, akiuma ulimi. Jina la kwanza la babu yake, lile walilompa getini. Kisha la pili, la ukoo, ambalo ni la baba yake, na ni lake. Mwalimu alifunika uso kwa kiganja, lakini hakumzuia. Kitinda alingoja, kwa sekunde moja tu, amzuie. Hakumzuia.

"Ile ya siku tano ipo?"

"Ipo."

"Ongeza kwamba mama yake alikuwa amekufa. Kwamba ndiyo sababu. Hilo andika wewe, mimi nitakosea."

Akaandika. Aliandika kwa mkono wake mzuri wa ubaoni, mistari mitatu, na chini yake mmoja wa kaka yake Bi Pasi, kwamba alikufa kwa homa mwaka wake wa kwanza, na alipomaliza akasema bila kumtazama, "Mama yangu hatafika mpaka kwenye sababu. Ataona jina, atafunga kitabu."

"Najua."

"Na baba yako?"

Kitinda aliliona lile shati jipya limetundikwa ukutani nyumbani, na baba yake akilipangusa vumbi lisilokuwepo. "Baba nitamwambia mimi leo. Asije akasikia kwa watu."

"Jumapili..."

"Jumapili msije."

Mwalimu aliinuka. Alikusanya karatasi zake, akazipanga, akazipanga tena ingawa zilikuwa zimeshapangika. Alisimama karibu naye kiasi cha kumgusa, na Kitinda aliona kifungo cha pili cha shati lake kinaning'inia kwa uzi mmoja. Kwa miezi minane aliwaza kwamba vifungo vya mtu huyu atavishona yeye. Alikaribia kusema, livue nikushonee. Ingekuwa dakika tano. Lakini dakika tano zingempa matumaini, na matumaini hayo angeyapeleka wapi?

"Kama tungekuwa watoto wa watu wengine," alisema Mwalimu.

"Nenda, gari litakuacha."

Akaenda. Hakukimbia, wala hakugeuka, na Kitinda alirudi kwenye birika, akazamisha mikono hadi viwiko, akaanza shati lililofuata. Muda si muda getini honi ililia mara mbili, mlango wa gari ukabamizwa, na mngurumo ukashuka barabarani mpaka ukaisha.

Bi Pasi alirudi na kapu. Alimtazama mgongo wake, akamtazama tena. Akachukua shuka ya juu kwenye rundo.

"Njoo unishikie upande."

Kitinda alijifuta mikono, akashika pembe zake mbili. Wakarudi nyuma kila mtu upande wake hadi shuka ikanyooka kati yao.

"Wamemwandikaje?" aliuliza Bi Pasi.

"Kwamba alikufa kwa homa, mwaka wake wa kwanza."

"Basi?"

"Basi."

"Inatosha. Si aliishi siku chache, aandikiwe mengi kwa nini?" Wakaikunja mara moja, wakaivuta. "Na babu yako? Maana nasikia Mwalimu alikuwa anamtafuta usiku na mchana. Naye yumo?"

"Yumo."

"Mungu ashukuriwe. Nani kamwandika, Mwalimu mwenyewe?"

"Mimi," alisema Kitinda.

Bi Pasi alisimama na shuka mkononi, uso umemjaa furaha. "Wewe! Kwa mkono wako! Mjukuu wangu ameandika kwenye kitabu!" Akamjia na pembe zake, wakakutana katikati, akampokea shuka na kumpiga bega. "Baba yako atakavyojivuna leo. Haya, lete nyingine, tumalize upesi, uwahi kwenda kumwambia."